Mafuta Mapya ya Roketi na Swali Lisiloulizwa

Kaskazini ya Malindi, katika ghuba ya Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini. Kutoka hapo, baina ya mwaka 1967 na mwaka 1988, setilaiti tisa zilirushwa juu ya roketi za Kimarekani ziitwazo Scout. Moja katika hizo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, ikapewa jina la Uhuru. Nayo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kila mwaka huwasimulia habari hii wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, na kila mwaka mikono hunyoshwa. Mmoja huuliza roketi ilikwenda mbio kiasi gani. Mwingine huuliza ilibeba uzito gani. Wa tatu, ambaye aghalabu ni mtoto wa mfanya biashara, huuliza nani alilipa gharama. Katika miaka yote niliyofundisha hajatokea hata mmoja aliyeuliza ilichoma nini, na yule aliyekuwa akiyachoma mafuta hayo aliyashika kwa mikono ya namna gani.

Swali hilo la nne ndilo ninalolitetea hapa. Nalitetea kwa sababu wakati huu wataalamu wa nchi nyingi wanatafuta mafuta mapya ya roketi badala ya yale ya zamani, na mafuta hayo mapya yamekwisha kupewa jina la kupendeza: huitwa mafuta ya kijani. Sina ugomvi na utafutaji wenyewe. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuisifu kemikali kwanza na kuitahini baadaye. Kwetu mtoto hungojewa azaliwe ndipo apewe jina. Kemikali hizi hupewa sifa zingali tumboni.

Tuanze na ya zamani, maana bila kuyajua ubaya wake hatutaelewa kwa nini mapya yamepokewa kwa shangwe. Mafuta makubwa ya setilaiti, tangu miaka ya 1960 hata leo, ni haidrazini. Ni kioevu kisicho na rangi, kinachofanana na maji kwa kukitazama, chenye harufu kali kama ya amonia. Kikimiminwa juu ya kichocheo cha madini ya iridi hupasuka mara moja na kuwa gesi ya moto, na gesi hiyo ndiyo inayokisukuma chombo huku na huku angani. Hakihitaji kiberiti wala hewa. Kwa kazi hiyo ni mtumishi mwaminifu sana. Lakini haidrazini huunguza ngozi na macho, hudhuru ini na mishipa ya fahamu, na mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika daraja la vitu ambavyo yaelekea huwaletea watu saratani. Na pana jambo moja lililo baya kuliko yote kwa mfanya kazi: pua haimsaidii. Wataalamu wa afya ya viwandani wa Marekani hupendekeza kwamba mtu asivute kwa siku ya kazi zaidi ya sehemu 0.01 ya mvuke wake katika sehemu milioni za hewa. Pua ya binadamu huanza kuinusa inapofika sehemu 3 au 4. Atakayesema, "Nitakimbia nikisikia harufu," atakuwa amekwisha kuvuta mara 300 ya kadiri aliyoruhusiwa. Kwa hiyo wanaoijaza katika vyombo huvaa mavazi yaliyozibwa kila upande, yenye hewa yake ya kupumua, mithili ya wapiga mbizi walio nchi kavu.

Si ajabu basi kwamba mwaka 2011 Jumuiya ya Ulaya iliitia haidrazini katika orodha ya vitu vya kuhofiwa sana, na kwamba watengenezaji walianza kutafuta badala yake kwa bidii zaidi. Kati ya walioteuliwa, mashuhuri zaidi ni chumvi mbili. Ya kwanza huitwa amoniamu dinitramidi. Ya pili ni haidroksilamoniamu nitrati. Zote mbili huyeyushwa katika maji pamoja na vitu vingine vya kuwaka. Hiyo ya kwanza iliundwa Moscow mwaka 1971, ikafichwa kama siri ya vita, hata Wamarekani wakaigundua upya kwa njia yao wenyewe mwaka 1989. Waswidi waliichukua na kuifanya mafuta ya setilaiti, nayo yakajaribiwa angani katika chombo chao kilichoitwa PRISMA, kilichorushwa tarehe 15 Juni 2010. Ile ya pili ilijaribiwa na Wamarekani katika setilaiti iliyorushwa mwezi wa Juni 2019. Majaribio yote mawili yalifaulu. (Nisiache kutaja, maana mwalimu hupenda mambo kama haya, kwamba PRISMA yenye mafuta safi ilipandishwa angani na roketi ya Dnepr, ambayo yenyewe ilikuwa ikichoma ndugu wa haidrazini kwa tani nyingi. Ni kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe akapanda gari la mkaa.)

Sasa sikilizeni hoja ya wasifu. Wanasema: haidrazini hudhuru kwa sababu huvukiza, nayo mapya ni chumvi iliyoyeyushwa, na chumvi haivukizi, kwa hiyo mfanya kazi hataivuta, kwa hiyo hana haja ya mavazi ya mpiga mbizi, kwa hiyo mafuta haya ni salama. Hatua ya kwanza ya hoja hii ni kweli, na ya pili, na hata ya tatu yaweza kukubaliwa kwa masharti. Ni hatua ya mwisho iliyoruka shimo. Mwili wa mtu hauna mlango mmoja. Sumu isiyoingia puani huingia kwa ngozi, huingia kwa mdomo kupitia mkono usionawa, huingia kwa maji ya kunywa baada ya kumwagika na kupenya ardhini. Na chumvi, kwa vile hupenda maji, ina safari ndefu kuliko mvuke. Chumvi za haidroksilamini zimejulikana tangu zamani kwamba zikiingia katika damu huiharibu hata isiweze kubeba oksijeni. Damu haiulizi kama kitu hicho kiliingia kwa pua au kwa kidole.

Habari ya ile chumvi ya kwanza ina mafunzo zaidi, na kila anayesema "kijani" angepasa kuijua. Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa jeshi la anga la Marekani, katika maabara ya sumu iliyokuwa Wright-Patterson, jimbo la Ohio, waliwanywesha panya wa maabara maji yaliyotiwa amoniamu dinitramidi, madume na majike, kisha wakawaacha wazaane. Madume hawakuonekana kupungukiwa. Majike waliopewa vipimo vya juu walizaa watoto wachache kuliko desturi, au hawakuzaa kabisa. Wachunguzi hawakuridhika kuandika hivyo na kufunga daftari. Walirudi wakatafuta ni wapi hasa mimba zilikopotelea, wakaona kwamba viinitete vilikuwa vikifa katika siku za mwanzo kabisa, kabla ya kujishikiza katika mji wa mimba.

Nitasema kwa haki kwamba vipimo vile vilikuwa vikubwa, na panya si mtu. Sidai kwamba mafuta ya Waswidi yamemdhuru mwanamke yeyote, wala sisemi kwamba haidrazini ni afadhali yake. Haidrazini si afadhali ya kitu. Lakini fikirini lipi lingetokea kama kipimo kingekuwa cha madume peke yao. Lipi lingetokea kama panya wangehesabiwa waliokufa na waliopona, na hesabu ikaishia hapo? Kemikali ingepita mtihani kwa alama nzuri, na fundi wa kike aliyeajiriwa kuchanganya chumvi hiyo asingeambiwa neno, hata angepoteza mimba kabla ya kujua kwamba alikuwa nayo. Hasara ya namna hiyo haina kaburi, wala haina hati ya daktari.

Hapa nataka kukishambulia kipimo ambacho vitabu vingi bado hukiweka mbele kama kwamba ndicho chote. Mwaka 1927 Mwingereza J. W. Trevan alibuni njia ya kuipima sumu kwa kutafuta kadiri inayoua nusu ya wanyama waliopewa. Kwa wakati wake ilikuwa akili kubwa, maana dawa zenye nguvu kama za moyo zilihitaji kupimwa kwa usawa. Lakini namba ile moja ilipendwa kupita kiasi. Wauzaji waliikumbatia kwa sababu ni fupi na huingia vizuri katika jedwali: kitu hiki huua kwa gramu kadha, kile kwa gramu kadha, basi kile ni salama zaidi. Namba hiyo husema juu ya kifo cha siku chache, na haisemi kitu juu ya ini linalooza kwa miaka kumi, wala juu ya tezi, wala juu ya mtoto asiyezaliwa. Anayeitegemea peke yake ni sawa na mnunuzi wa jahazi anayeuliza tu kama litazama leo.

Wala haya si maneno ya kutishana. Yamekwisha kutokea, na katika mafuta ya roketi yenyewe. Roketi za Scout zilizorushwa Ngomeni zilichoma mafuta makavu, na kiini chake kilikuwa chumvi iitwayo amoniamu perklorati, inayotoa oksijeni ya kuwashia unga wa alumini na gundi ya mpira. Siisingizii Ngomeni kosa lolote. Nataja kwa sababu chumvi ile ile ilitengenezwa kwa wingi sana katika mji wa Henderson, jangwani Nevada, ikapenya ardhini, ikafika katika ziwa Mead na mto Colorado, ambao maji yake hunywewa na mamilioni ya watu. Kwa miongo kadha hakuna aliyejua. Mwaka 1997, wachunguzi wa California walipopata njia mpya ya kupima, iliyoweza kuona sehemu 4 katika sehemu bilioni za maji, ndipo chumvi ya roketi ilipoonekana visimani.

Na perklorati hufanya nini mwilini? Huizuia tezi ya shingo isipate iodini. Jambo hili halikuwa geni. Katika miaka ya 1950 madaktari walikuwa wakiwapa perklorati kwa makusudi wagonjwa ambao tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi. Watu wetu wanaijua kazi ya iodini: ndiyo sababu ya kutiwa katika chumvi ya kupikia, ili tusiote rovu na ili watoto wasizaliwe na akili zilizodumaa. Tazameni basi ajabu hii. Katika jengo moja daktari aliipima chumvi hii kwa mizani kwa sababu alijua nguvu zake; katika jengo lingine mtengeneza roketi alimwaga maji yake nje ya kiwanda. Elimu ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza.

Mfano mwingine ni wa Uingereza. Katika maabara moja ya kiwanda, kitu kiitwacho dimethilinitrosamini kilianza kutumiwa kama kiyeyushi, na baada ya muda mfupi wawili katika watu watatu waliokuwa wakikishika wakaonyesha dalili za ini kuharibika. Wachunguzi wawili, Barnes na Magee, wakaulizwa. Mwaka 1954 walionyesha kwamba kitu kile huliharibu ini la wanyama vibaya. Mwaka 1956 wakatangaza kwamba panya waliolishwa kidogo kidogo kwa muda mrefu walipata saratani ya ini. Na kitu hicho hicho kilikuwa malighafi iliyotumiwa Marekani kutengeneza mafuta ya roketi ya jamii ya haidrazini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikutwa katika maji ya ardhini karibu na Sacramento, mahali roketi zilipokuwa zikitengenezwa na kujaribiwa. Angalieni mpangilio: wafanya kazi waliugua kwanza, panya wakafuata. Katika maabara ile watu ndio waliokuwa panya.

Najua uchungu wa jambo hili kwa kiasi changu kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu wetu alituachia zebaki tuichezee. Tuliimimina kiganjani, tukaikata vipande kwa kucha, tukafurahi ilivyokimbizana juu ya meza na kuangukia katika nyufa za sakafu. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema na hakutaka kutudhuru. Yeye naye aliichezea alipokuwa mdogo, na hakufa. Hoja yake ilikuwa hiyo tu. Nimeisikia mara nyingi tangu wakati ule, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kutoka kwa watu wenye shahada kubwa: sisi tuliishika, na hatukufa.

Wapinzani wangu wana hoja mbili nyingine, na moja ni dhaifu, moja ina nguvu. Iliyo dhaifu ni ya gharama na kucheleweshwa. Wanasema kwamba tukidai vipimo vyote hivi, mafuta mapya hayatatoka maabara, na wafanya kazi wataendelea kuteswa na haidrazini. Ingekuwa kweli kama vipimo vingengojewa mwisho, kiwanda kimekwisha kujengwa na mkataba umekwisha kutiwa sahihi. Lakini ni nani aliyeamuru vingojewe? Kemikali ikiwa ingali gramu chache ndani ya chupa, kuiacha ni hasara ndogo. Siku hizi yaweza kuchunguzwa kwa tarakilishi hata kabla ya kuundwa, kwa kulinganisha umbo la molekuli zake na za sumu zinazojulikana. Baadaye hupewa bakteria wa kipimo cha Bruce Ames, kilichoenea tangu miaka ya 1970: bakteria hao wameharibiwa kwa makusudi hata hawawezi kukua pasipo kupewa chakula fulani, na kemikali inayobadili jeni huwarudishia uwezo wao, wakaonekana wakiota sahanini. Kazi yake haizidi siku chache. Kisha huja seli zilizooteshwa katika chupa, na mwisho kabisa wanyama, wachache, kwa zile kemikali tu zilizostahili kufika huko. Aliyefanya hivi mapema hacheleweshi kitu. Anayechelewesha ni yule anayejenga kwanza, kisha akashtuka.

Hoja yenye nguvu ni ya wanyama. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba hana haki mtu kumtesa panya kwa ajili ya roketi ambayo panya hakuiomba. Sikuwa na jibu la kumshinda, na sina leo. Naweza kusema tu kwamba waliofanya kazi hii kwa dhamiri wamelifikiri jambo hili. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kwamba kila mchunguzi hana budi kutafuta njia isiyo ya mnyama, na akiikosa apunguze idadi yao, na awapunguzie maumivu. Kile kipimo cha kuua nusu nilichokilaumu, katika sura yake ya zamani iliyokula wanyama wengi, kiliondolewa mwaka 2002 katika miongozo ya kimataifa ya OECD. Yule mwanafunzi na mimi tunapatana kwa mengi kuliko alivyodhani. Tunaachana hapa: mahali ambapo chupa na bakteria haziwezi kujibu, kama katika habari ya mimba za panya wa Ohio, mimi nasema heri aulizwe panya kuliko fundi wa kike asiyejua kwamba anaulizwa.

Limebaki jambo la nani apime na nani asome. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Kampuni inayouza mafuta ikiyapima yenyewe, ikajisahihisha yenyewe, na kuliweka daftari katika kabati lake, itapata alama mia kila mwaka. Siri ya vita nayo ni kabati kubwa zaidi; chumvi iliyoundwa mwaka 1971 na kufichwa haikuweza kuulizwa na daktari yeyote aliye nje ya ukuta. Wachunguzi wa Ohio walikuwa watu wa jeshi, lakini matokeo yao yalichapishwa katika majarida ambayo mtu yeyote aweza kuyasoma, nami nawasifu kwa hilo.

Kenya imekuwa na shirika lake la anga tangu mwaka 2017, na mwezi wa Aprili 2023 setilaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Wazo la kurusha tena kutoka pwani yetu, iliyo karibu na ikweta, limetajwa mara kwa mara, na sina shaka kwamba wako miongoni mwenu watakaoifanya kazi hiyo. Siku hiyo watakuja wauzaji na mafuta yao, na karatasi nzuri zenye picha za majani. Waulizwe kabla pipa halijashushwa Kilindini: kilipimwa kwa siku ngapi, majike walikuwamo, bakteria walisema nini, kikimwagika katika mchanga hugeuka kuwa kitu gani, na hicho nacho kilipimwa na nani, daftari liko wapi, na je, daktari wa Malindi aweza kulisoma? Muuzaji mwenye majibu akaribishwe chai. Asiye nayo arudi na pipa lake hadi atakapoyapata.